Ndama Aliyekataa Maji

Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na jino la dhahabu. Siku moja likaanguka ndani ya sufuria ya uji. Tukakoroga mpaka uji ukapoa. (Lilipatikana. Msiulize lilikuwa kwa kikombe cha nani.) Basi huyo mwalimu ndiye alitufundisha ya kwamba binadamu ana akili kushinda wanyama wote. Nikaona hapo elimu imetosha, nikaacha shule.

Hiyo elimu ndiyo iliniumbua kule Kulamawe, kijiji cha wafugaji, miaka ya sabini.

Nilikuwa napakia mbuzi kwa lori, nikampenda Kabale, binti ya Mzee Guyo. Nikaenda kuposa mwenyewe. (Kawaida unatuma wazee. Mimi nikajiona natosha.) Mtoto wa mjini, mjukuu wa askari, suruali imepigwa pasi!

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam. Mifugo unajua?"

"Mzee, kuna nini ya kujua? Ng'ombe hana akili. Kumdanganya ni rahisi sana."

Mzee akaitazama suruali yangu. Mimi nikadhani amevutiwa.

Jua lilikuwa linazama. Nikaona ndama amelala peke yake kando ya ua. Nikasema, hapa ndipo nitapata mke! Nikachukua karai ya maji.

"Kunywa, baba."

Hakunywa. Nikamkuna shingo. Nikamnong'oneza, "Usiogope, mimi ni shemeji yako." Wapi! Kabale akatokea na chombo cha kukamulia, akasimama. Nikapaza sauti nisikike vizuri:

"Mzee, huyu ndama wako ni mgonjwa! Pumzi yake naisikia kwa mbali!"

Nikamvuta sikio asimame. Sikio likabaki mkononi. Tumbo likapasuka, nyasi kavu ikamwagika kwa suruali yangu.

Kumbe ndama alikufa zamani! Ngozi yake ilijazwa nyasi, ili mama yake akiinusa aachilie maziwa. Boma zote wanafanya hivyo. Mtoto anayetambaa anajua.

Mzee Guyo akatazama lile sikio. "Umesema ulisikia pumzi?"

Kabale alikuwa ameketi chini, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Baba, hata ng'ombe mwenyewe jana aliinusa, akaipiga teke. Huyu ameiletea maji!"

"Na unamtaka?"

Kabale akanitazama, nyasi mpaka kwa viatu. Akacheka tena.

Nikaweka sikio chini polepole. Nikasema naenda mara moja kuangalia lori. Lori halikuwepo. Nikatembea hivyo hivyo, nyasi zikidondoka, na Kulamawe sijakanyaga tena.