Mekapu Isiyotoka

Jamani, nimeumbuka. Na harusi yenyewe bado haijaisha.

Naandika nikiwa ndani ya gari la maharusi, kati ya kanisa na ukumbi. Tumekwama kwenye foleni. Elisante, mume wangu (mume! bado sijazoea), anajifanya anaangalia nje, lakini naona mabega yanamcheza. Nyinyi wenzangu wa kundi hili najua mmeruka kanisa na mmeshafika ukumbini huko Themi, mmekaa meza za mbele na soda mmeshafungua. Basi someni vizuri sasa hivi, maana nikiingia sitaki maswali.

Mnakumbuka harusi ya dada yangu Upendo? Zile picha ambazo uso ulitoka mweupe kama mtu aliyeangukia gunia la unga, halafu shingo ikabaki ya kwake? Mnakumbuka nani alicheka kuliko wote? Mimi. Nani aliandika humu humu kwamba "siku yangu ikifika mtajifunza watu wanavyopakwa"? Mimi huyo huyo. Mwaka mzima nimewachosha. Fondesheni gani inakaa, poda gani haing'ai kwenye flashi, lipstiki gani haihamii kwenye glasi. Mama alinishauri nipake poda kidogo na mafuta ya midomo, basi. Nikamwangalia kama vile amenishauri nivae kiroba. (Mama, mtu akikuonyesha hii, samahani.)

Ndipo nikampata Madam Mage, mpambaji wa maharusi. Huyu mama hapaki, anajenga. Siku ya majaribio alinipaka, halafu akanimwagia glasi ya maji usoni bila hata kunionya. Hakikutoka kitu. Akaniambia nilie. Nikamwambia sina cha kulilia.

"Wafikirie wakwe zako," akasema.

Nikamfikiria baba mkwe. Machozi yakaja yenyewe.

"Umeona? Haitoki," akasema Madam Mage. "Kwa maji haitoki, kwa jasho haitoki, kwa machozi haitoki. Mpaka uitoe mwenyewe kwa mafuta."

Nikasikia yote, isipokuwa neno la mwisho.

Sasa baba mkwe. Kule kwao Nduruma mtu mzima humpi mkono. Unainamisha kichwa, yeye anakuwekea kiganja juu, ndiyo salamu na ndiyo baraka. Mimi ni Mchaga, lakini nilijifunza, tena kwa bidii. Tangu siku ya kwanza Elisante aliponipeleka kwao, namwinamishia mzee kichwa. Naye anaitikia "marahaba" kwa mbali, mikono ameiweka mgongoni. Alitaka mkwe Mmeru, binti wa rafiki yake, na wala hakuficha. Nimeinama kwenye uwanja wa kwao mpaka kuku wamenizoea. Elisante kazi yake ni kusema, "Mpe muda." Haya, nimempa.

Kwa hiyo leo nilitaka vitu viwili: picha nzuri, na kile kiganja. Na ukweli, kiganja nilikitaka zaidi, ila nisingewaambia nyinyi. Nimepewa vyote kwa mpigo. (Mungu naye ana utani.)

Asubuhi Madam Mage alinijenga mpaka mwenyewe nikajiogopa. Nyusi zimechongwa. Kope ndefu hadi nikipepesa nasikia upepo. Nywele zimebanwa juu, taji likakaa juu yake, na pini za kushikilia paa la nyumba. Kanisani nikalia, ikakaa. Nikatoka jasho, ikakaa. Mpiga picha akanipungia mkono: "Bibi harusi, uso unakamata mwanga balaa!" Basi kichwa kikavimba. Nikamnong'oneza Upendo, ndiye matroni wangu, "Umeona watu wanavyopakwa?" Akaninyooshea shela tu. Sasa najua alikuwa anasubiri.

Tukatoka nje ya kanisa. Wazee wa upande wa Elisante wakajipanga mstari kunibariki, baba mkwe wa kwanza, suti ya kijivu, mikono inang'aa. Na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Asubuhi mama mkwe aliwapitishia wazee wote kopo la mafuta ya mgando wajipake mikononi, ili mikono ya shamba isitoke imepauka kwenye picha. (Kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa nawaza picha!)

Nikainama. "Shikamoo baba."

Kiganja hakikuja. Nikajua leo tena, mbele ya kanisa zima, nitabaki nimeinama na shela langu kama mtu anayetafuta sindano. Moyo ukaniuma kweli. Halafu nikaona viatu vyake vinasogea. Mkono ukaja juu ya kichwa, ukakuta taji, ukasita. Nadhani aliogopa kulivunja. Ukashuka. Ukatua kwenye paji la uso, kiganja kizima, kizito, kimelowa mafuta.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Mwanangu! Nilitaka kupiga vigelegele mwenyewe. Kisha akaanza kuomba. Mnawajua wazee wa kanisa wakianza kuomba. Akaombea nyumba yetu, watoto wetu, ng'ombe ambao hatuna. Na kila akifika mahali pa kukolea, kiganja kinakandamiza na kuzunguka kidogo. Nikaanza kusikia fondesheni inateleza. Nikasikia na nyusi inasafiri. Ningeweza kurudi nyuma hatua moja tu. Lakini jamani, kiganja nimekisubiri muda wote huo, leo nikikimbie kwa sababu ya nyusi? Nikatulia. Nikafumba macho. Nikasema amina.

Akaondoa mkono, na nyusi ya kushoto ikaondoka naye. Akakiangalia kiganja chake, kimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Akaniangalia mimi. Akakiangalia tena. Kisha akamgeukia mwanawe, kwa ile sauti isiyohitaji spika:

"Elisante! Huyu mtoto anachuja!"

Kwaya ilikuwa inaimba. Ikakatika palepale. Yule wa kinanda kule ndani tu ndiye aliyeendelea, nadhani hakusikia.

Baba mdogo wa Elisante, aliyekuwa wa pili kwenye mstari, akasogea akanikagua kama mtu anayechagua kitambaa sokoni. "Mwache, kaka," akasema. "Nguo mpya hiyo. Lazima ichuje mara ya kwanza."

Hapo kanisa zima likaangua kicheko. Mpaka mchungaji alijifunika na kitabu. Wazee waliobaki wakanibariki kwa kugusa taji kwa ncha ya kidole, mmoja akimwonya mwenzake, "Taratibu, suti." Na mpiga picha, Mungu amsamehe, hakuacha kupiga. "Bibi harusi, usisogee! Hii nzuri sana!"

Mtu pekee ambaye hakucheka ni baba mkwe. Masikini, alidhani ameniumiza. Alisimama na mkono wake hewani, hajui aufute wapi.

Madam Mage akaja mbio na mkoba wake. "Usijali, bibie, usijali." Kiwewe kikamshika, akatoa spreyi yake ya kukazia mekapu na kunipulizia uso mzima. Psssss!

"Madam," nikamuuliza, "umefuta kwanza?"

Akaiangalia chupa ya spreyi.

"Sasa hii," akasema polepole, "haitoki."

Upendo akanishikia simu nijitazame. Vidole vitano, wazi kabisa, kwenye paji la uso. Kidole gumba kimekaa pale ilipokuwa nyusi. Haki ya Mungu, hata michoro ya kiganja inaonekana. Picha ilikuwa safi, tena yenye mwanga mzuri, kama nilivyotaka.

Madam Mage akasema tupate mafuta, tutoe yote, tuanze upya. Nikakimbilia kwa mama mkwe na lile shela lote.

"Mama, yale mafuta!"

"Yameisha, mwanangu," akasema, na kopo tupu akanionyesha. "Wazee wana mikono mikubwa."

Ndiyo hivyo, tuko garini. Mlima Meru umejifunika mawingu mpaka kiunoni, nauonea wivu. Upendo amekaa kiti cha mbele, na amesubiri tangu harusi yake mpaka yangu kusema hili: "Afadhali mimi nilikuwa unga. Wewe wamekugonga muhuri."

Halafu simu ya Elisante ikaita. Alikuwa baba yake, yuko gari la nyuma. Anauliza kama kichwa kinaniuma. Anasema tukifika ukumbini nikae karibu naye. Nimelia tena, na kama mnavyojua, haitoki.

Gari limeanza kutembea. Basi nakuja na uso huu huu, nyusi moja na kiganja. Atakayecheka, mbuzi wetu wa ndafu atamsikia harufu tu. Atakayeniuliza kama nachuja, kwetu asije tena. Na mpiga picha akijitolea kunifuta kile kiganja kwenye picha, mwambieni asithubutu kukigusa. Nimekisotea.