Ombi la Kuichelewesha Treni ya Ijumaa

Kwa Meneja Mkuu,
Reli ya Kanda.

Ndugu Meneja,

YAH: TRENI KUFIKA KWA WAKATI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na ofisi yako yote. Mimi ni mstaafu wako. Nilishika bendera katika stesheni yetu kwa miaka thelathini na mmoja, na sasa nakaa nyumba ya tatu kutoka jukwaani. Naandika kwa masikitiko makubwa kulalamika kwamba treni yenu, huu ni mwezi wa nane mfululizo, inafika kwa wakati.

Tafadhali usicheke. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Historia ya reli yenyewe. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba mabegani mataruma yake, yale magogo ya kulalia vyuma. Alinisimulia kwamba treni ya kwanza kabisa ilitarajiwa Jumatatu ikafika Jumatano, mgeni rasmi akiwa ameshakata utepe, ameshahutubia na ameshajirudia kwao. Watu walikaa stesheni siku mbili. Katika siku mbili hizo familia mbili zilizokuwa hazisemezani zilipatana, ikaundwa kwaya, na soko letu likaanza, pale mwanamke mmoja alipochoka kushika kikapu chake akakitua chini, na mwenzake akauliza kuna nini ndani. Mji huu haukuletwa na treni, Ndugu Meneja. Uliletwa na kuisubiri.

2. Ndoa yangu. Asubuhi moja kichwa cha treni kilizimika mbele ya jukwaa. Fundi akasema nusu saa. Zikapita saa tisa. Katika behewa la pili alikuwamo msichana amepakata cherehani, pembeni yake shangazi yake. Nikampelekea maji. Akaniuliza, "Hii treni ina ugonjwa gani?" Nikamjibu, "Sijui, lakini naomba isipone leo." Shangazi akanitazama kama mtu aliyeona mdudu kwenye mchele. Injini ilipowaka, mkono wangu uliinua bendera nyekundu badala ya kijani, kosa pekee katika utumishi wangu wote, nami sijawahi kulijutia. Dereva akasubiri dakika ishirini zaidi, nikapata anwani. Tuliishi pamoja miaka thelathini na sita, hadi alipotutoka, miaka minne iliyopita. Leo treni hiyo hiyo inasimama dakika tatu. Kwa dakika tatu hata kalamu hujaipata.

3. Bwana Dakika. Ndivyo tunavyomwita stesheni masta mliyetuletea. Ni mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi hadi linakaribia kukata mtu, ana saa moja mkononi na nyingine mfukoni ya kuisimamia ile ya mkononi. Siku yake ya kwanza nilimsalimia, "Hujambo, mwanangu? Habari za huko ulikotoka?" Akajibu, "Shikamoo, mzee. Saa nane na dakika thelathini na nane." Akapita.

4. Shemeji yangu. Kwa miaka mingi aliahidi kuja kunitembelea, na kwa miaka mingi reli ilinikinga. Sasa anafika kila mwisho wa mwezi, na godoro lake.

5. Binti yangu, na hapa ndipo penye kidonda. Ni karani wa tiketi katika stesheni hiyo hiyo. Ana miaka thelathini na mitatu, ana akili, ana ucheshi wa mama yake. Lakini tangu mama yake aondoke, jioni anakula na mimi tu, na mimi nikishamaliza habari za goti langu sina habari nyingine. Sasa, kila Ijumaa anakuja dirishani kwake mwalimu wa hesabu, mtaratibu, koti safi. Anakwenda, nadhani, kumwona mama yake. Anasema, "Kwenda na kurudi." Binti yangu anakata tiketi. Honi inalia. Mwezi uliopita nilimsikia kwa masikio yangu akiongeza, "Habari za kazi, dada?" Binti yangu akajibu, "Nzuri," lakini alilijibu koti, maana mwenyewe alikuwa ameshakanyaga ngazi ya behewa.

6. Sikukaa mikono mitupu. Ijumaa moja niliinama mlangoni mwa behewa kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Gadi akaninyanyua kwa kwapa akaniweka kando kama mzigo wa mtu. Ijumaa iliyofuata "nilisahau" mwavuli wangu relini. Bwana Dakika alishuka mwenyewe, akauokota, akaukunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, akaandika kitabuni: "Kizuizi. Sekunde hamsini." Sekunde hamsini, Ndugu Meneja! Nilikuwa nategemea angalau robo saa.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo: (a) treni ya mchana ya kila Ijumaa icheleweshwe saa nne, si kwa ajali, bali kwa uzembe wa kawaida tuliouzoea; (b) Bwana Dakika ahamishiwe stesheni ya mbali, ikiwezekana ile ambayo reli haijafika.

Nisalimie madereva wote, magadi, mafundi wa karakana na mama anayefagia behewa la tatu. Nakutakia kazi njema, lakini isiwe njema kupita kiasi.

Ni mimi, mshika bendera wako wa zamani,
Nyumba ya tatu kutoka jukwaani.

Nyongeza: Nilimpa binti yangu barua hii anisahihishie herufi. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Baba, yule mwalimu ana mke. Ndiko anakokwenda kila Ijumaa." Nikamuuliza, "Basi nani?" Akatazama upande wa stesheni.

Kumbe, Ndugu Meneja, treni ikiondoka saa nane na dakika arobaini na tatu, nyingine haiji hadi saa kumi na moja, na pale stesheni hubaki watu wawili tu, miezi minane sasa. Enzi zetu za kuchelewa, muda huo wote ungeliwa na abiria wanaogonga dirisha na kutukana.

Leo saa tisa Bwana Dakika alikuja kujitambulisha. Alichelewa dakika kumi na moja. Binti yangu anasema alikuwa nje muda wote huo, anashika kitasa, anakiachia.

Nafuta yote niliyoandika, isipokuwa habari za shemeji. Treni iwahi kila siku, na huyu mtu asihamishwe hata hatua moja. Ameondoka hapa sasa hivi anakimbia, kofia mkononi. Ukiona kitabuni kwamba treni ya leo ya saa kumi na moja imechelewa dakika tisa, usimwandikie onyo. Ni mimi. Nilimuuliza habari za ukoo wake, akanijibu kwa kirefu.