Ombi la Kumvusha Mjukuu Wangu Mpakani kama Kondoo

Shamba la Hocking,
Wirrabel, Victoria.
Agosti 2014

Ndugu Msimamizi,
Mamlaka ya Matibabu ya Uzazi,
Melbourne.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi, maana ukiisoma umesimama utachoka.

Mimi ni mfugaji wa kondoo wa merino na bibi mtarajiwa. Mjukuu wangu yuko Adelaide ndani ya tangi la baridi, kiinitete kimoja tu kilichobaki. Binti yangu Corinne na mumewe Dougal walihamia huku kwetu baada ya kliniki ya kule kufungwa. Daktari wa huku yuko tayari. Kinachokosekana ni kibali chenu cha kukivusha mpaka wa jimbo, na tangu Krismasi jibu ni lile lile: "Bado kinashughulikiwa, mama." Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo lenyewe ndilo linalongoja. Corinne ana miaka arobaini na tatu. Naomba kulalamika kwa mpangilio.

1. Mwezi wa tatu mume wangu, Alby, aliagiza mbegu za kondoo dume kutoka huko huko Adelaide. Zilivuka mpaka ule ule, kwenye tangi kama lile, nyuma ya pikapu ya Clarrie Pruett, mzee anayetubebea mizigo, chini ya blanketi la mbwa wake. Askari wa mpakani, wale wanaozuia matunda yasivushe nzi waharibifu, alimsimamisha.
"Una matunda?"
"Nina tufaha moja."
"Litupe hapo, mzee. Na hilo tangi?"
"Hilo? Baba watoto."
"Haya, pita."
Kwa hiyo kinachoinyima serikali usingizi ni tufaha.

2. Corinne na Dougal walihojiwa na mshauri kama wako tayari kuwa wazazi. Kondoo wetu hakuhojiwa hata mmoja, na nakwambia ukweli, wengine hawako tayari. Yupo anayemkanyaga mwanawe kila mwaka na kuendelea kula majani.

3. Dougal alitakiwa kuleta cheti cha polisi. Huyu ni mtu anayeuomba mlango radhi akijigonga. Wakati huo huo kijana wa jirani amepata mapacha kutokana na sherehe za fainali ya futiboli, nyuma ya banda la klabu, na sikuona afisa yeyote. Kama sheria ni msumeno, ikate na huko. Tumeni mkaguzi kila Jumamosi, mwenye tochi na roho ngumu.

4. Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Ama kiinitete kiandikishwe kama kondoo na Clarrie akilete. Alby ameshaandaa hereni ya sikio, ya kijani. Ama mpaka usogezwe mashariki, mchana mmoja tu, hadi upite nyuma ya kliniki ya daktari wetu, nayo iwe upande wa Adelaide. Naahidi tutaurudisha ulipokuwa.

Ndugu Msimamizi, nacheka ili nisilie. Corinne haongei tena habari hii mezani. Anaosha vyombo vilivyo safi.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule dada wa simu anayeniwekea muziki.

Wako katika kungoja,
Glenys Hocking (Bi.)

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, Alby ameingia kutoka malishoni, kofia mkononi. Kondoo wameanza kuzaa wale watoto wa mbegu za tangi alilolileta Clarrie. Wote nyuso nyeusi tii. Merino hana uso mweusi. Nimempigia Clarrie, naye kasema, "Aa, Glenys, kwani yale matangi mawili hayakuwa sawa?" Kumbe alibeba letu na la mtu mwingine, akatushushia lisilo letu.

Tafadhali puuza namba moja hadi nne. Mpaka uacheni hapo hapo ulipo. Kikagueni kiinitete, kisha mkikague tena, jina la Corinne lisomwe kwa sauti na watu wawili, na Clarrie asikaribie hata geti. Corinne amesoma haya akichungulia nyuma ya bega langu na amecheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. Kisha akasema, "Waambie wahakikishe ni wangu, mama." Haraka haraka haina baraka. Sweta la mtoto nimeshalifuma, na sufu haiozi.