Meli ya Kweli Kwenye Bwawa la Ghala

Jumatatu, 4 Machi
"Mtazamaji haji kusoma historia, anakuja kulia." Ndivyo alivyosema mwongozaji wa filamu leo, mdomo umejaa karanga. Upuuzi! Nani amlilie baharia aliyekaa miezi baharini na shati lake bado lina mkunjo wa pasi? Mimi ndiye mshauri wa historia wa filamu hii. Nimesoma kila kitabu cha misafara ya bahari nilichokipata. Nikayasema hayo. Nikajibiwa kwamba nikikatiza tena upigaji picha, jina langu halitatokea mwishoni mwa filamu. Jina langu! Ukoo mzima umeshaambiwa utaliona.

Jumanne, 5 Machi
Nyota wetu tunamwita Meno. Ana meno meupe kama vigae vya hospitali. Nimemsihi ayapake masizi, kwani mabaharia wa zamani walioza fizi. Akasema tabasamu lake lina mkataba wake peke yake. Mke wangu, mshonaji wa mavazi, kacheka hadi kajichoma sindano. Msaliti.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu kubwa kuliko zote! Meli yetu imekaa kwenye bwawa tupu ndani ya ghala, ikisubiri maji ya kesho. Nyufa za mbao zimezibwa kwa gundi ya kisasa. Meli za enzi zile zilikalafatiwa, yaani kuzibwa kwa pamba na mafuta. Seremala kaniambia kamera haioni chini ya maji. Historia inaona! Walipokwenda kula, nimebandua gundi yote na kushindilia pamba ya mto wa mke wangu. Kazi safi.

Ijumaa, 8 Machi
Maji yamejazwa. Meno kapanda sitahani, kaanza hotuba ya kuiona nchi kavu. Meli ikaanza kushuka. Taratibu, kwa heshima zote. Kumbe mbao hulowekwa kwanza zivimbe. Ukurasa huo niliuruka. Meno kasahau hotuba, kamwita mama yake. Mimi nikakimbia kuziba, nikatumbukia. Maji ya kifuani. Mke wangu akaniuliza kutoka ukingoni, watu wote wakisikia: "Baba watoto, ile pamba inayoelea si ya mto wangu?"

Jumatatu, 11 Machi
Mwongozaji kaniita. Nilijua nafukuzwa. Wapi! Hofu ya Meno ni ya kweli, kasema, kipande kinabaki. Nikamwambia hiyo ndiyo nguvu ya historia. Kisha akanionyesha picha yenyewe. Katikati ya mabaharia wa kale, mimi: miwani, saa ya mkononi, koti la nailoni. Nikadai nikatwe. Haiwezekani, kasema, humo majini nimemkumbatia Meno. Jina langu litatokea, ila si kama mshauri. Nitaandikwa "Mzee Anayezama".

Nimetafakari sana. Kosa ni la koti, na koti alilinunua mke wangu.

Kwenu nyinyi wa viti vya mbele sinema, mtakaojiandaa kunicheka: acheni koti langu, tazameni jinsi mbao zinavyovuja. Kuvuja huko ni kwa enzi zile kabisa! Pigeni makofi. Kisha mfuateni mwongozaji mlangoni, mumdai kwamba filamu ijayo bwawa lijazwe maji ya chumvi. Na papa.