Kijiko Kimoja kwa Kilo

Citoyen Mugisho, ambaye wale aliowahi kuwauzia kitu walimjua kwa jina jingine, Adalbert, alikuwa akipita mtaa wa Nguba, mjini Bukavu, aliposikia mama mmoja akiwagombeza kuku wake nyuma ya gereji.

"Harusi iko samedi hii, na nyinyi mungali kama njiwa! Mutaniabisha mbele ya bakwe!"

Moyo ulimruka kwa furaha. Mtu wa heshima akisikia kilio cha mwenzake hukimbilia kusaidia, na Mugisho alikimbia. Alinyoosha abacost yake, lile koti la heshima lisilovaliwa na tai, akaingia uani na chupa zake za dawa ya kunenepesha kuku na kikapu chenye kuku wawili. Mmoja alikuwa mweupe, mnene, wa kutoka shamba moja kubwa kule Miti, aliyenona kwa mahindi tu. Huyo ndiye aliyekuwa mtaji wake wote duniani. Wa pili alikuwa kikonda wa kuokotwa mtaani Kadutu, asiye na mwenyewe.

"Citoyenne, angalia mwenyewe. Zilitotolewa na mama moja, siku moja! Hii ilikunywa dawa, hii ilikataa."

"Mu dawa iko nini?" akauliza mwenye kuku, Maman Cibalonza.

"Majani ya mululuza, na vijidudu vizuri vya kuchunga tumbo. Bazungu banauwa vijidudu yote, siye tunavipatia kazi. Authenticité kamili, mambo ya kwetu wenyewe!"

Hakudanganya sana. Ndani ya chupa mlikuwa na mululuza, mchungu kweli kweli, machicha yaliyochacha ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na sabuni ya kufulia, maana wateja hupenda povu.

"Na bei?"

"Unipatie nusu ya hizi kuku. Nusu yenye itabaki itanenepa kushinda zote."

Maman Cibalonza akamimina dawa kidogo kwenye kisahani, akamsogezea yule mnene. Kuku akarudi nyuma, akajificha kwenye miguu ya bwana wake.

"Kumbe hajawahi kuiona," mama akasema polepole. "Dose yake ni ngapi?"

"Kijiko moja kwa kilo moja. Hapana kuzidisha, hapana kupunguza!"

Mama akaleta kijiko. "Basi, onja."

"Nani, miye?"

"Papa, ulikomalia wapi? Huku kwetu mwenye kuleta kinywaji anakunywa wa kwanza. Ao uliweka sumu?"

Neno hilo likaleta vichwa vya majirani juu ya ukuta. Bukavu mtu akiitwa mwizi anaweza kucheka, lakini sumu hakuna anayeichekea. Mugisho akaonja.

"Ile ni kulamba," akasema jirani Yolande. "Kuku anakunywa kwa kilo. We uko kilo ngapi?"

Majirani wakahesabu kwa sauti kila kijiko alichomeza, kama darasani. Mugisho alijaribu kujipunguzia uzito, lakini tumbo lake lilimsaliti, maana lilikuwa mbele ya watu wote.

Mchana kutwa alishinda chooni. Kila akifunga mkanda, tumbo lilimwita tena. Alijuta kutoka moyoni, hasa ile sabuni. Jioni walimlaza kwenye mkeka, na Maman Cibalonza akamletea supu ya moto yenye mafuta yakielea juu. Mugisho akainywa yote, nguvu zikamrudia, machozi yakamtoka.

"Maman, Mungu akubariki! Umenichinjia kuku ya harusi!"

"Hapana, papa. Zangu zingali ndogo. Supu ya mugonjwa inaomba kuku ya mafuta."

Mugisho akageukia kikapu. Kikonda wa Kadutu alimtazama, peke yake.

"Yooo! Maman, umeniua! Ile kuku njo ilikuwa maisha yangu! Sasa nitaonyesha batu nini?"

Akalia kweli, bila haya, abacost ikalowa. Maman Cibalonza akamwonea huruma. Akamwekea kikonda mapajani, akapanga zile chupa moja moja kando ya mkeka, kisha akamtia kijiko mkononi.

"Usilie, papa. Hii imebaki, na dawa iko mingi. Kijiko moja kwa kilo moja. Hapana kuzidisha."