Mfalme Anakufa Mapema Mno

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa ufalme! Kikundi cha maigizo cha idara yetu ya maji kinaandaa tanzia, na Mwalimu, yule mstaafu anayetuongoza, alinitazama mara moja tu akasema mfalme ni mimi. Fundi Mita kapewa shemeji wa mfalme. Shemeji! Nilimpa pole kwa sauti, ili wote wasikie.

Nyumbani nimefika mbio. Nikamwambia mke wangu kwamba mumewe ni mfalme, mwanzo hadi mwisho, na mama yake lazima aje akae mstari wa mbele. Tangu nimwoe binti yake, mama mkwe hajawahi kuniita mwanangu. Huniita "huyo mumeo", hata nikiwa namkarimu chai. Asiponiita mwanangu safari hii, basi mimi si mtunza stoo wa idara hii.

Baada ya kula nikaufungua mchezo kuusoma. Lo! Shemeji ananiua kwa kisu kabla watu hawajajiweka sawa kwenye viti. Kurasa zote zilizobaki ni Fundi Mita anajuta. Na mama mkwe hajawahi kufika mahali kwa wakati. Nimekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: kufa polepole. Nani kasema mtu akichomwa kisu lazima afe papo hapo? Leo mazoezini Fundi Mita kanichoma, nikayumba, nikaiaga nchi yangu. Nikaanguka. Nikainuka, nikaliaga jeshi. Nikaanguka tena. Nilikuwa nawaaga farasi Mwalimu alipopiga meza kofi. Akasema maisha yake yote hajaona maiti mwenye domo kama mimi. Maneno yangu ya mwisho kayafuta yote. Sasa nachomwa usingizini, nakufa kimya.

Fundi Mita alicheka hadi akakaa chini. Wivu tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemfuata Fundi Mita kwenye karakana yake, ile iliyojaa mita mbovu hadi dirishani. Nikamwambia kirafiki kabisa kwamba watu wakimwona anaua mtu kwa kisu jukwaani, hakuna atakayemfungulia mlango tena akienda kutengeneza mita. Na binti yake anayetaka kuposwa, je? Wakwe watasemaje? Bisibisi ikamponyoka. Nikaondoka napiga mluzi.

Jioni akamwambia Mwalimu kisu hashiki ng'o. Moyoni nikashangilia, nimepona! Mwalimu akakuna kidevu, akasema basi itakuwa sumu. Mfalme ataonekana anakunywa pazia linapofunguka tu, aanguke, yaishe. Kumbe nimejisogezea kifo mwenyewe! Fundi Mita akanishika mkono, machozi yanamlenga, akasema bila ushauri wangu angeadhirika. Nusura nimng'ate.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho ndiyo siku. Nimempelekea Mwalimu wazo zito. Nikamwambia hatia haiwezi kumtafuna muuaji kama haina sura. Mfalme aliyeuawa inabidi awepo jukwaani muda wote, watu wamwone. Mwalimu akaruka kutoka kitini! Akasema hilo hasa ndilo lililokuwa limekosekana. Akanikumbatia. Nikaanza kumweleza mzimu wangu utavaa nini.

Wala hakuwa ananisikiliza. Akasema pazia litafunguka mfalme keshakufa, amelazwa juu ya meza, shuka hadi kifuani, na hapo hapo atabaki hadi mwisho. Sumu haina kazi tena. Yaani sasa nakufa kabla mchezo haujaanza!

Aliponiona nimenuna, akanikalisha chini. Akanieleza kwamba tanzia za kale ndivyo zilivyo. Mtu anatabiriwa balaa, anakimbilia huku, anakimbilia kule, na kila hatua yake inampeleka kwenye balaa lile lile. Anajichimbia mwenyewe. Nikamwambia ni somo zuri, ila halinihusu.

Jumamosi, 15 Machi

Mama mkwe kawahi! Maisha yake yote anachelewa, leo kawahi! Nimechungulia kwenye pazia nikamwona mstari wa mbele, pochi mapajani, mke wangu ubavuni.

Pazia likafunguka. Mimi huyo, maiti. Meza ngumu, taa inachoma, pua inawasha. Mama mkwe akamnong'oneza binti yake, mnong'ono wa kusikika hadi mtaa wa pili, akamwuliza kama huo ndio ufalme wenyewe. Aibu niliyoisikia, heri ningekuwa nimekufa kweli.

Fundi Mita akaanza kujuta. Sijui kayatoa wapi yale, mtu wa mita! Aliizunguka meza yangu akisimulia alivyomdharau mume wa dada yake, alivyomsema, alivyomcheka kila alipopita, mpaka kumuua kukawa jambo jepesi. Kisha akawageukia watazamaji, akauliza nani kati yao hajawahi kumuua mtu kwa mdomo.

Nikasikia kiti kinasogezwa. Mama mkwe kasimama. Akasema yeye kaua. Akasema anajua fika kwamba huu ni mchezo, lakini akiniona nimelala vile, moyo unamsuta. Kanisema kwa majirani, kanisema kwa ndugu, na mtu huyu ndiye aliyepanda kuziba paa lake mvua ikinyesha. Ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali siku zote alizolazwa. Akapanda jukwaani, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaangua kilio. Nisamehe, mwanangu, akasema.

Mwanangu! Mbele ya mji mzima! Nilitaka kulia kweli, si utani.

Mwenye akili zake angebaki maiti. Lakini mama akanyamaza kupenga kamasi, nami nikaona anakaribia kumaliza bila kutaja pampu yake ya kisima niliyoitengeneza. Nikafumbua jicho moja, nikamkumbusha kwa upole.

Alipiga ukelele, ukumbi mzima ukaruka. Kisha pochi ikafanya kazi. Kichwani, mabegani, hadi nikadondoka chini na shuka langu. Watu walisimama wakishangilia, wakadhani ndivyo ilivyoandikwa. Mwalimu alifuta machozi ya furaha. Fundi Mita akapewa shada la maua. Mama mkwe akashuka ngazi akimwambia binti yake kwamba huyo mumeo alikuwa na nafuu alipokuwa maiti.

Jumapili, 16 Machi

Mbavu zinauma. Mama mkwe hapokei simu zangu. Mke wangu anasema niende kwake nikaombe radhi kama mtu mzima, nimweleze kwamba maneno yake yalinigusa. Yalinigusa kweli. Lakini radhi nitaiombaje wakati kosa lenyewe ni dogo? Nimelitafakari usiku kucha na nimelipata. Nilifumbua jicho mapema.

Basi mke wangu alipotoka tu, nikajipaka unga usoni, nikajilaza chali na shuka hadi kifuani. Nimemwomba jirani ampigie mama mkwe amwambie hali yangu si nzuri hata kidogo. Jirani anasema mama kaangusha simu, kisha kasikika akilia na kutafuta viatu.

Lango linalia. Ni yeye, anahema, anaita mwanangu tangu uani. Naficha kalamu. Leo sifumbui jicho, hata wakianza kuchimba.