Jiko la Sumaku na Sufuria za Breki

Gazeti kijiweni kwetu husomwa na mmoja, likabishaniwa na wote. Jana zamu ilikuwa ya Mwalimu Chaki, mstaafu anayetusahihisha hata tukipiga chafya.

"Sikilizeni," akasema. "Nyumba mpya zitajengwa bila gesi. Kila jiko la sumaku. Moto halitoi, lakini linapika."

"Uongo mtupu!" Breki, dereva wa lori, akapiga benchi hadi kahawa yangu ikamwagika. "Ninalo nyumbani. Tangu asubuhi nimelibandikia maji, linalia pii, pii, linazimika. Maji hata uvuguvugu hayana! Na mama mkwe anaingia saa saba. Jiko la gesi nimeshamgawia shemeji."

"Ulijidai," nikamwambia.

"Nilijidai, tena sana. Sasa mke wangu kaapa, mama yake akilala njaa, mimi nitalala kwenye lori."

Fundi Waya, mtengeneza redio, akacheka hadi akakohoa. "Jiko lako halina kasoro yoyote. Sufuria zako za nini?"

"Alumini. Zinang'aa kuliko kipara cha Mwalimu."

"Kipara changu kikae nje ya mada," Mwalimu akasema.

"Basi ndiyo maana," Fundi akaendelea. "Gesi haibagui. Moto unalamba chochote, unapanda ubavuni, unaunguza mpini, na nusu ya joto unakula wewe mpishi. Jiko la koili, lile la waya uliojikunja, linaanza kujipasha lenyewe, pole pole, ndipo liigawie joto sufuria iliyolikalia. Na ukilizima, bado linaunguza."

"Kama mke wa Breki," Mwalimu akadakia.

"Lakini la sumaku linaamsha moto kwenye kitako cha sufuria yenyewe. Sharti kiwe chuma kinachonasa sumaku. Hiyo alumini yako linaiona hewa tu."

Breki akasimama, uso umemchangamka. "Kumbe ni chombo cha chuma tu?"

"Chuma tu. Hata kikaango cha kizamani, kile cheusi kizito, kinapika vizuri mno."

Breki akakaa. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikuwa nacho," akasema. "Mama mkwe alituzawadia siku ya harusi. Nikaona kinaniaibishia hili jiko jipya la kioo. Wiki iliyopita nikakitoa, mke wangu akiwa kazini."

"Ukampa nani?"

Akanitazama mimi. Wote wakanitazama. Jamani, kazi yangu ni vyuma chakavu! Mtu akileta chuma naweka kwenye mzani, siulizi ukoo wake.

"Kiko wapi, ndugu yangu?" Breki akaniuliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Kilipanda lori juzi kwenda kuyeyushwa."

"Lori la nani?"

"Lako. Ulikipeleka mwenyewe."

Hapo simu yake ikaita. Kwa haraka akabonyeza spika, tukasikia sote. Mkewe alikuwa na furaha tele.

"Mume wangu, mama kawahi! Tena huwezi kuamini, kaleta kifuniko cha kile kikaango, kumbe miaka yote kilibaki kwake. Sasa anapekua makabati, anataka akifunike kikaango chake. Umekiweka wapi?"

Mwalimu akakunja gazeti. Fundi akasema ana mteja anamsubiri. Mimi nilikuwa nimeshavuka barabara.